Nyota Tatu Nilizozitoa Umeme Umekatika

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimeketi ghalani shuleni kwetu Malindi, mbele ya kompyuta moja tuliyokuwa nayo, mara umeme ukakatika. Jambo dogo hilo. Umeme wa miaka ile ya themanini ulikuwa ukija na kuondoka bila kuaga, na sisi tulikwisha kuuzoea. Lakini nilichokifanya katika dakika tano zilizofuata nusura kiwafungie mlango watoto wa Marereni, na aibu yake ninaijua ladha yake mpaka leo.

Ninakueleza haya kwa sababu juzi ulinijia na simu mkononi, uso umekunjuka, ukanionyesha orodha ya programu za masomo za bure ulizowakusanyia wazazi wa shule yenu. Ulisema wiki hii utawatumia wote. Nilifurahi, wallahi, hata nikasahau uji jikoni. Kisha nikakuuliza swali moja tu, ukacheka, hukunijibu. Swali hilo tutalirudia. Kwanza kaa unisikilize, maana furaha ile uliyokuwa nayo mimi nilikuwa nayo kabla mama yako hajaolewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Mambrui, mwembamba kama ufito. Usicheke, nilikuwa mwembamba. Kompyuta yenyewe tuliachiwa na mwenye hoteli mmoja aliyenunua nyingine mpya. Mwalimu mkuu akaipokea kwa hotuba ndefu, akaifunika kwa leso isiliwe na hewa ya chumvi, akaifungia katika ghala la vitabu. Miezi mitatu hakuna aliyeigusa. Walimu wenzangu waliiogopa, wakisema ukibonyeza pasipofaa italipuka. Mimi nikabonyeza. Haikulipuka. Tangu siku hiyo nikawa ndiye mwenyewe.

Lakini mashine bila programu ni sanduku tu, na programu za dukani hata shule yote ingeuzwa zisingenunulika. Zilikuja katika disketi, vile visahani vya plastiki vya mraba, vyembamba, vikubwa kuliko kiganja, unavyovitia mdomoni mwa mashine. Basi kulikuwa na mama mmoja mzee wa Kizungu, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akija Malindi kila mwaka kupumzika. Alisikia habari zangu kwa mpishi wa hoteli, akanitumia disketi moja ndani ya bahasha. Nikaitia. Pakatokea maandishi ya kijani juu ya kioo cheusi, na mstari wa kwanza ulisema hivi, kwa maneno ya mwenye kuitunga: mtu yeyote na anakili, ampe mwenzake, mradi asiuze.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikatoka nje nikasimama juani nikicheka peke yangu, mpaka mtunza bustani akaniuliza kama nimepata mchumba.

Hebu fikiri, mwanangu. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, amekaa miezi akitunga kitu cha kumfundisha kugawanya mtoto asiyemzaa yeye. Alipomaliza akasema, chukueni. Na hakuwa peke yake. Yule mama aliniandikia kwamba wako wengi wa aina hiyo, na kazi zao zimetawanyika huku na huku, kila mtu ana kipande. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Nikaona hapa kazi yangu ni moja, kuzitafuta.

Nikazitafuta kweli. Kila Jumapili nilivaa buibui langu, nikatia disketi tupu kikapuni, nikazunguka hoteli za Malindi mpaka Watamu. Askari wa getini huniuliza, "Unauza nini, dada?" Mimi humjibu, "Siuzi, naomba." Wahasibu wa hoteli walikuwa nazo. Daktari mmoja wa Kilifi alikuwa nazo. Wageni walikuwa nazo, wengine wakishangaa binti wa Kiswahili amejuaje. Nilirudi jioni miguu imevimba, kikapu kimejaa, nikijiona tajiri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikanunua daftari kubwa la jalada jeusi, nikalipiga mistari kwa rula. Nambari ya programu. Jina lake. Inafundisha nini. Darasa la ngapi. Disketi iko wapi. Na mwisho safu ya nyota, moja kwa ya kawaida, mbili kwa nzuri, tatu kwa ile ambayo mwalimu aichukue bila kuuliza. Shule yoyote ikija na disketi yake tupu, nainakilia. Walikuja walimu wa Gede, wakaja wa Marafa na vumbi lao jekundu. Wakaja na wazazi ambao ofisini kwao palikuwa na mashine, wakitaka kitu cha watoto. Wengine walilinakili daftari zima kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, wakaenda nalo.

Ukafika mkutano wa walimu wa hesabu kule Kilifi. Mkubwa wetu akaniinua mbele ya watu, akalishika daftari langu juu, akasema huyu binti anatufanyia kazi ya ofisi nzima. Akaniuliza, "Umefika ngapi, Mwalimu Salma?" Nikasema themanini na kitu, na muhula haujaisha nitafika mia. Hakuna aliyeniomba mia. Ni ulimi wangu tu. Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji, na mimi nilianza kulitia maji njiani kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa nikikaa na programu moja siku mbili. Nikaanza kukaa nayo saa moja, kisha robo saa, kisha nasoma kibandiko na kioo cha kwanza, naandika.

Sasa ndiyo ile Jumamosi. Ilikuwa nambari tisini na saba, disketi niliyopewa na mhasibu wa hoteli. Nikaitia. Ikaja hesabu ya kujumlisha, nikajibu, ikapiga kengele nzuri. Ikaja ya kutoa, nikajibu, kengele. Ya tatu, kengele, na umeme ukakatika. Nikangoja kidogo. Haukurudi. Mtu mwenye akili angesema, Jumatatu nitaimaliza. Mimi nikachukua kalamu, nikaandika: "Kujumlisha na kutoa. Darasa la tatu hadi la sita. Inafaa watoto pamoja na wazazi." Nikatia nyota tatu, nikazinakshi kabisa, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimebakiza programu tatu kufika mia.

Huko Marereni alikuwako mwalimu aitwaye Kahindi, kijana wa Kigiriama, mpole, mwenye subira kunishinda. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafanyakazi wa chumvi. Shule yao haikuwa na mashine wala umeme. Lakini ofisi moja ya chumvi ilikuwa na kompyuta, na Kahindi alikwenda kwa karani wake mkuu mara sijui ngapi, akimwomba awaruhusu watoto Jumamosi asubuhi mashine inapokuwa haina kazi. Mwishowe karani akakubali siku moja ya majaribio. Waje watoto na wazazi wao. Wazazi wakiridhika, mlango utafunguliwa kila Jumamosi. Yakitokea maneno, basi, asimsumbue tena.

Kahindi akafungua daftari lake, nakala ya daftari langu, akatafuta cha kuwaonyesha. Akaiona tisini na saba. Watoto pamoja na wazazi, nyota tatu. Hakuuliza, kwa sababu mwenyewe niliwaambia zenye nyota tatu haziulizwi.

Mimi sikuwako, ila yeye alinisimulia yote. Wazazi walijaa ofisini, wengine miguu bado myeupe kwa chumvi. Hesabu ya kwanza, kengele, watu wakapiga makofi. Ya pili, ya tatu, ya nne. Watoto walikuwa wakijibu kwa sauti moja, na baba mmoja alikuwa akilia kwa furaha. Lilipojibiwa swali la tano, mashine ikapiga zumari, ikatandaza karata kioo kizima, ikasema: umeshinda pointi hamsini, unaweka ngapi?

Ilikuwa kamari, mwanangu. Mtungaji aliona ni zawadi ya mtoto aliyejibu vizuri, acheze karata kwa pointi zake. Kwao pengine ni mchezo tu. Lakini Marereni, siku ya mshahara, nyuma ya maghala hutandikwa mkeka wa karata, na wako wanawake waliokuwa wakienda kuwatoa waume zao pale kwa mkono. Watoto, nao hawajui, wakaanza kupiga kelele, "Weka zote! Weka zote!"

Mama mmoja akasimama. Alikuwa mfanyakazi wa mabwawani, mtu wa kuvuta chumvi kwa reki, na binti yake Kadzo ndiye aliyekuwa ameketi kwenye vibonyezo. Akamshika binti yake mkono akamwinua. Akasema, "Mwalimu, hii ndiyo elimu? Kamari ya nyumbani bado haijatuishia." Akatoka. Wakatoka na wengine, Waislamu kwa Wakristo, wala hawakugombana, walitoka tu. Karani akazima mashine.

Jumatatu Kahindi akaja Malindi. Aliingia ghalani, akaiweka disketi mezani imefungwa katika gazeti, akanieleza taratibu, bila neno hata moja baya. Na mimi, Mungu anisamehe, unajua nilimjibu nini?

Nikasema, "Kwani mlilipa? Si kitu cha bure?"

Akanitazama. "Hatukulipa, Mwalimu Salma," akasema. "Tulikuamini."

Akaondoka. Nikabaki na disketi yangu. Hasira zilinipanda, na nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia Kahindi kwa kutoijaribu kwanza, nikawakasirikia wazazi kwa kukuza mambo, na mtungaji pia kwa karata zake. Daftari tu ndilo sikulikasirikia.

Ijumaa nikaenda Mambrui kwa bibi yangu mzaa mama, Bi. Mwanaisha. Yeye alikuwa akisomesha wasichana Kurani ukumbini mwake tangu ujana wake, na katika chumba cha ndani alikuwa na kabati la juzuu za wakfu, yaani zilizotolewa na watu kwa ajili ya Mungu, zisiuzwe, zisirithiwe, zisomwe tu na anayetaka. Kwa hiyo nilijua atanielewa. Yeye na mimi tulikuwa kitu kimoja, wagawaji wa vya bure. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwaga malalamiko yangu yote nikingoja anihurumie.

Mbele yake palikuwa na bunda la juzuu mpya zilizoletwa na jamaa kutoka Lamu. Akanipa moja, akachukua nyingine ya zamani, akasema, "Nisomee."

"Yote, Bibi?"

"Mpaka mwisho."

Nikasoma. Yeye alifuata kwa kidole katika ile ya zamani, midomo ikicheza. Nilipoharakisha aligonga mkeka, nikarudi nyuma. Jua lilihama kutoka kizingitini mpaka ukutani. Tulipomaliza akaandika ndani ya jalada: imesomwa yote, jina langu, jina lake. Akanipa ya pili. Nikasoma tena, na katikati nikajikuta nasoma maneno niliyokwisha kuyasoma. Karatasi moja ilikuwa imetiwa mara mbili, na inayofuata haipo.

Bibi akaichukua, akaiweka kando peke yake. "Hii ningeigawa jana," akasema. "Ni ya bure."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Alipokuwa msichana kama mimi, ametoka kukabidhiwa kabati lile, alimpa mtoto wa jirani juzuu iliyopungua karatasi. Hakuikagua. Yule mtoto alikuwa na akili, akaihifadhi yote moyoni kama ilivyo, pamoja na pengo lake. Sasa mtoto yule ni bibi mwenye wajukuu, na kila akisoma, akifika pale, ulimi wake unaruka.

"Nimemsahihisha miaka na miaka," Bibi akasema. "Akikumbuka hupita sawa. Akisahau huruka. Na nani wa kulaumiwa, Salma? Aliyechapa yuko mbali, hanijui. Aliyetoa wakfu amekwisha kufa, na nia yake ilikuwa njema. Jina lililomo ndani ya jalada ni langu."

Nikaitazama ile juzuu aliyoiweka kando.

"Kitu cha kununua mtu hukikagua mwenyewe," akaendelea, "kwa sababu pesa yake inamuuma. Cha bure hakimuumi mtu, ndiyo maana hakuna anayekikagua. Basi mgawaji ndiye akubali kuumwa. Kama hutaki kuumwa, usigawe." Akanitazama juu ya miwani. "Na hizo nyota zako tatu ulizitoa wapi?"

Nikamweleza habari ya umeme. Nilidhani atanikaripia. Akacheka, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa ncha ya leso. "Ee mjukuu wangu," akasema, "umelitia giza sahihi yako." Nami nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akanipa juzuu ya tatu.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Nilirudi Malindi, nikaanza daftari tangu nambari moja. Mwalimu mkuu alidhani nimepata wazimu. Nilifanya kama Bibi, watu wawili kwa kila programu, mmoja anacheza na mwenzake anaangalia, mpaka neno la mwisho kwenye kioo. Umeme ukikatika, tunarudi kesho. Na ajabu, mwanangu, badala ya kuchoka nilifurahi kuliko mwanzo. Ile programu niliyoipa nyota moja kwa sababu ya kioo chake kibaya, ukifika ndani ilikuwa ikimfundisha mtoto kusoma saa vizuri ajabu. Nyingine ya nyota tatu ilikuwa ikikwama swali la kumi na kurudi mwanzo, milele. Zilizobaki hazikufika nusu. Lakini zile zilizobaki nilizijua moja moja.

Kisha nikapanda gari kwenda Marereni. Nilibeba disketi tatu. Kahindi alinipokea bila kinyongo, akaniombea nusu saa kwa karani, na kwa shida sana akampata yule mama. Mama Kadzo alikuja na reki yake mkononi, akasimama mlangoni, hakukaa.

Nikamwamkia, nikasema, "Mama, nimekosa. Niliandika kwamba kitu ni kizuri na sikukiona mwisho wake. Leo sikuja kukufundisha. Nimekuja kukuomba ukae nami tukione mpaka mwisho, na ukisema hapana, ni hapana."

"Mino sikusoma," akasema, mino kwao ni mimi.

"Macho unayo."

Akafikiri. Akaiegemeza reki ukutani, akakaa, binti yake Kadzo kwenye vibonyezo, umri wake miaka kumi na miwili, darasa la sita. Disketi ya kwanza ilikuwa ya kutunga maneno. Tukaimaliza, akaitikia kwa kichwa. Ya pili ilikuwa ya kuzidisha, nimeimaliza mwenyewe mara mbili, nina hakika nayo. Kadzo akakosea jibu, mashine ikatoa mlio kama wa kicheko. Akakosea tena, ikacheka tena. Mama akasema, "Hapana. Hii inamcheka mtoto." Na mimi niliyeimaliza mara mbili sikuwa nimekosea jibu hata moja, kwa hiyo sikuwahi kukisikia kicheko kile. Nikachukua daftari na kalamu, nikaikata pale pale mbele yake. Aliiangalia ile kalamu ikikata, na nadhani ndipo aliponiamini.

Ya tatu ilikuwa na mshale mdogo katikati ya kioo. Unauamuru: mbele, hatua kadhaa. Kulia, kadhaa. Nao unakwenda ukiacha mstari nyuma. Kadzo akaandika mbele hamsini, mshale ukaenda. Mama yake akasogeza kiti.

"Unaweza kuchora bwawa?" akauliza.

Bwawa la chumvi lina pembe nne, na yeye alikuwa ameyavuta kwa reki tangu Kadzo mgongoni. Kadzo akaandika kulia thelathini, mbele hamsini. Mstari ukaenda upande. "Limepinda," mama akasema. "Hapo maji yatatoka." Kadzo akafuta, akajaribu sitini. "Bado." Akajaribu mia. "Umepita sasa, rudi." Mama alikuwa amesimama, mkono umenyooshwa akionyesha pembe kwa kiganja, vile wanavyopima ukingo kule bwawani.

Kadzo akaukazia macho mkono wa mama yake. Kisha akasema polepole, "Mama, ni ile ya tisini. Ile ya ubaoni."

Nikamwona Kahindi kule nyuma anajifunika uso kwa mikono miwili, maana somo lile la pembe alikuwa amelifundisha muhula mzima, na hakujua kama kuna aliyelichukua.

Akaandika tisini. Mbele hamsini. Tisini. Mbele hamsini. Tisini. Mstari wa mwisho ukaenda, ukaenda, ukagusa pale ulipoanzia. Bwawa limefunga.

Mama Kadzo hakupiga makofi. Alikwenda mlangoni akamwita karani, mkubwa wa ofisi, kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya bwawa. "Njoo uone. Pembe zote nne zimefunga." Karani akaja na kalamu sikioni. Akaangalia. Akauliza kama laweza kuchorwa la pili ubavuni mwake, na mfereji katikati. Kadzo akasema twaweza kujaribu. Karani akavuta kiti. Nusu saa yetu ikawa asubuhi nzima, na nilipochungulia dirishani watoto walikuwa wamekwisha kujaa nje, wamebandika pua kwenye kioo.

Mwisho mama akamgeukia karani. "Jumamosi ufungue," akasema. "Mimi mwenyewe nitakuwapo kuangalia." Na karani akasema, vyema.

Nikalifungua tena daftari. Nilikuwa nimeongeza safu moja mwishoni, baada ya kuzikata nyota zote kwa mstari: nani ameimaliza. Nikaandika jina la Kadzo. Mama yake akaniuliza ninaandika nini, nikamwambia, naandika waliohakikisha, na la kwako lafaa liwemo, kwa sababu bila wewe ile inayocheka watoto ingepita. Kisha akamwomba karani kile kidau cha wino, kile walimokuwa wakichovya kidole siku ya mshahara. Akabonyeza kidole gumba, akakiweka kwenye safu yangu, akakigandamiza vizuri mpaka mistari yote ikatoka.

Daftari hilo ninalo, mwanangu. Lilizunguka Gede, Marafa, Kilifi, likarudi limechakaa na majina ya watu nisiowajua: mwalimu na mtoto, baba na mwana, nyanya na mjukuu wake. Nambari tisini na saba sikuichana. Imo, imekatwa mstari mmoja, nyota zake tatu zinaonekana. Na katika ule ukurasa wa mshale kuna alama ya kidole. Vikombe na vyeti nimepata baadaye, vingine sijui viko wapi. Kidole kile najua kilipo.

Basi sasa swali langu la juzi. Nilikuuliza, katika orodha hiyo, ngapi umezimaliza, mtoto ubavuni mwako? Ulicheka. Sikulaumu, na mimi nilimkwepa Kahindi vile vile, tena mbaya zaidi.

Nasaha yangu ni hii. Tafuta, usichoke kutafuta, maana wako watu wema duniani wanaotunga na kutoa, na kazi zao zimelala zikingoja wa kuziokota. Furahi, furaha ndiyo itakayokupa miguu ya kuzunguka. Andika kila unachokipata. Lakini usiandike "nzuri" kwa kitu ambacho hukukiona mwisho wake. Kaa na mtoto akosee, uone mashine itamfanyia nini akikosea. Kaa na mama yake pia, hata kama hakusoma, kwa sababu yeye anajua nini kimeingia nyumbani kwake na nini hataki kiingie. Kisha weka jina lako pale, uumwe wewe kabla hajaumwa mtoto wa mwenzio. Ukizimaliza kumi tu, wape watu hizo kumi. Zilizobaki wangojee, hawatakufa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mpaka mwisho, na subira umeme ukikatika. Akupe watu wa kukuamini, na akujaalie usiwaangushe. Na siku utakapoanza ile ya kwanza, niite. Kwa miwani yangu naona vizuri bado, na vidole hivi vinajua kukosea.